Baba Yusra Hatoi Namba

Ukipita nyuma ya soko la Majengo pale Dodoma ukasikia mwanamke anagomba mpaka mashine ya fotokopi inaona haya kunguruma, jua umefika kwa Bi Mwanamvua. Steshenari yake ni finyu, lakini kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yakitoka, watu humiminika humo kuombewa vyuo. Wapo wanaotoka Kongwa na Msalato, na wapo wanaokuja na ukoo mzima, kila mjomba na chuo chake mdomoni.

Sheria ya Bi Mwanamvua ni moja: mzazi nje, mtoto ndani. "Chuoni anakwenda nani, wewe au yeye?" huwauliza wazee wa watu, kisha akawafungia mlango. Humo ndani humuuliza mtoto anataka nini hasa, nani atalipa, na mkopo ukigoma atafanyaje. Anayetaka chuo fulani kwa sababu tu rafiki yake yuko huko hurudishwa nyumbani akafikiri upya. Wengi humwogopa, na wote humrudia.

Ila mjuzi naye hukosea, na kosa lake kubwa lilikuwa juu ya Yusra, binti wa Abdulkadiri muuza vitenge.

Abdulkadiri hakuwa mtu wa kungoja vyuo. Alishapanga fremu ya pili ubavuni mwa duka lake, akaipaka rangi na kuiandika kwa herufi za kuonekana toka barabarani: YUSRA DUKA LA DAWA. Binti atasoma famasia, basi, maneno yamekwisha. Siku ya maombi akafungiwa nje kama wenzake, na huku ndani Yusra akanong'ona kwamba moyo wake uko kwenye mifugo. Bi Mwanamvua akaomba vyote viwili: famasia kwenye chuo cha binafsi, ambacho ada yake ingelikausha lile duka la vitenge, na udaktari wa mifugo kwenye chuo cha serikali, ambako mkopo ungebeba sehemu kubwa.

"Baba yako ukamwambie mwenyewe," akamwagiza.

Yusra akaitikia vizuri, na asimwambie. Na kwa kuwa binti hakuwa na simu, Bi Mwanamvua alijaza namba ya baba. Hapo ndipo alipojikaanga kwa mafuta yake mwenyewe.

Maana vyuo vyote viwili vilimchukua Yusra. Mwanafunzi wa namna hiyo hutumiwa namba za siri kwenye simu, aziingize kuthibitisha chuo kimoja. Asipothibitisha, nafasi inaweza kumponyoka. Siku ya mwisho ya kuthibitisha ikamkuta Abdulkadiri yuko Haneti, anauza vitenge mnadani, na zile namba amezitia mfukoni.

Bi Mwanamvua akapiga simu. "Baba Yusra, habari za huko? Kuna namba za siri zimeingia kwenye simu yako. Hebu nisomee."

"Mwizi mkubwa wewe!" Simu ikakatwa.

Mtu huyu alikuwa na kidonda. Ramadhani iliyopita kijana mwenye sauti tamu, aliyejitia mfanyakazi wa kampuni ya simu, alimliza pesa za mzigo mzima kwa maneno hayohayo. Tangu siku hiyo hata salamu ya simuni aliipokea kwa mashaka. Bi Mwanamvua akapiga tena, akaambiwa polisi wako njiani. Safari ya tatu akaweka spika, akampa simu Yusra aliyekuwa amesimama kando yake.

"Baba, ni mimi."

"Sauti siku hizi zinaigizwa. Mama yako nani?"

"Salha."

"Mji mzima unamjua. Juzi usiku tulikula nini?"

"Ugali na mlenda."

"Dodoma nzima inakula mlenda! Haya, niambie. Mwanangu anataka kusoma nini?"

Yusra akaishika simu kwa mikono miwili. Bi Mwanamvua akauona mtego. Akisema famasia, kama alivyosema nyumbani siku zote, namba zitasomwa. Akisema kweli, ataitwa tapeli, simu itakatwa, na nafasi ya mifugo itakwenda na maji. Bi Mwanamvua akatamani kumnong'oneza: sema famasia, mengine mbele ya safari. Akafungua mdomo, akaona aibu, akaufunga.

"Mifugo, baba," Yusra akasema. "Nataka kutibu mifugo. Nisamehe."

Huko mnadani ng'ombe akalia, na mtu akanadi bei ya mitumba.

"Ni wewe," baba akasema.

"Baba?"

"Tapeli angesema famasia. Si imeandikwa mlangoni kwangu? Hili la mifugo tunalijua mimi na mama yako tu. Unadhani sikukuona ulipomzalisha mbuzi wa jirani yetu Mwantum, ukamfuta kwa kitenge changu kipya? Nikangoja uniambie. Nikangoja weee! Nikaipaka ile fremu rangi nikidhani angalau hiyo utaipinga."

Akazisoma namba, moja moja, kwa sauti ya kuhesabia pesa. Yusra akaziingiza, akachagua mifugo, akabonyeza huku machozi yanadondokea kibodi. Ikakubali.

"Imekubali?" baba akauliza.

"Imekubali."

"Alhamdulillahi. Mpe simu huyo mama nimwombe radhi."

Bi Mwanamvua alikuwa amemwandalia maneno makali: mwizi ni nani, polisi wako wapi, na mwanaume mzima anachezaje michezo ya mafumbo na mtoto siku ya mwisho. Simu ilipofika sikioni akayaacha yote.

"Shikamoo, baba Yusra," akasema, ingawa kwa umri yeye ndiye angeweza kumzaa huyo baba.