Malahaba, Mwanangu

Jina la Queen lilitoka kwenye robota la mitumba. Miaka hiyo mitumba ndiyo kwanza imeanza kuuzwa bila kujificha, na mama yake, Justa, alikuwa anafungua robota la nguo za watoto pale Igoma, kando ya barabara ya Musoma, mimba ikiwa mbele kama robota la pili. Akakutana na fulana nyekundu yenye neno hilo kifuani. Alipoambiwa maana yake ni malkia, akaona sawa tu. Mtoto wa kike akianzia juu hana haraka ya kushuka.

Mumewe, Mayala, Msukuma wa Magu aliyepunguzwa kazi kiwandani na sasa anachomelea vitanda vya chuma, alikuwa na jina lake tayari: Kashindye, jina la marehemu mama yake. Wakagawana. Shuleni Queen, nyumbani Kashindye. Ugomvi ukaisha, au ndivyo Justa alivyodhani.

Shida ya Queen ilikuwa maneno. Hakuwa bubu, bubu angewarahisishia watu. Ukimwuliza, "Unaitwa nani?" anakujibu, "Unaitwa nani," kwa sauti yako hiyohiyo, na kama una mafua anakurudishia na mafua yako. Akitaka maji anasema, "Unataka maji?" kwa kuwa ndivyo anavyoambiwa akipewa. Wenzake wakicheza rede, yeye anapanga vizibo vya soda kwa rangi, na ole wako ukisogeza kimoja.

Alianza darasa la kwanza ana miaka minane, mwaka tisini na sita. Hata sare haijapauka, Justa akaitwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu Okeyo, mzee wa Kijaluo kutoka Shirati, mnyoofu kama fimbo iliyokuwa mezani kwake.

"Mama Queen, huyu mtoto mnamlea vipi?"

"Amefanya nini, mwalimu?"

"Naingia darasani. Watoto wote wanasimama, 'Shikamoo mwalimu.' Kabla sijafungua mdomo, binti yako ananikazia macho, anasema, 'Malahaba, mwanangu.' Mwanangu! Mimi nina wajukuu!"

Justa alijing'ata ulimi asicheke. Kicheko kikaisha chenyewe mzee alipoendelea.

"Hapa si mahali pake. Mtafutie shule ya watoto wa namna yake."

Akaenda kuitafuta. Hospitali walimpima masikio, wakasema mazima. Shule ya viziwi wakasema huyu anasikia kupita kiasi. Kwenye darasa la wenye mtindio wa ubongo walimpa njugu ahesabu. Akahesabu mpaka mwalimu akapiga miayo, wakasema huyu ni wa shule ya kawaida. Shule ya kawaida ndiko alikofukuzwa. Kila mahali Queen alikataliwa kwa sifa zake nzuri.

Justa akarudi kwa Okeyo na mtoto mkononi, akakaa kwenye benchi la nje bila kuitwa. Aliyemhurumia ni Mwalimu Paskazia wa darasa la kwanza, mama mnene mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe, aliyekuwa na watoto wengi darasani kuliko madawati, na hakuona mmoja zaidi atavunja nini.

"Huyu hana dharau, mkuu," alimwambia Okeyo. "Anarudisha anachopewa. Niachie nimjaribu."

"Sawa. Jumatatu ijayo naingia darasani kwako. Akiniamkia kama mtoto, anabaki. Akiniitikia kama bibi yangu, mama yake amchukue na nisimwone tena."

Paskazia akamvuta Justa pembeni. "Mama Queen, hii 'malahaba' ya nani? Wewe Mhaya, r unazo hadi za kugawa."

Justa alijua ya nani. Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Mayala alikuwa anachuchumaa mbele ya binti yake aliyebeba jina la mama yake na kumwambia, "Shikamoo mama." Kisha, mtoto alipokuwa bado hajui kusema, alikuwa anajijibu mwenyewe kwa sauti ya yule bibi, nzito na ya taratibu, "Malahaba, mwanangu." Wageni walikuwa wanacheka mpaka wanamwaga chai. Queen hakucheka. Alikuwa anajifunza.

"Basi," alisema Paskazia, "mumeo aache. Na usimfundishe neno zima, akilisikia ataitika. Mkatie silabi."

Jioni hiyo Justa alimweleza Mayala mambo yote. Mayala aliendelea kunawa mikono muda mrefu baada ya masizi kwisha.

"Unataka nimnyime mama yangu salamu?"

"Mama yako haendi shule. Queen ndiye anayekwenda."

"Ni Kashindye huyo."

"Basi Kashindye atakaa nyumbani apange vizibo mpaka azeeke. Chagua."

Hakuchagua. Kesho yake aliondoka alfajiri bila kumwamkia mtu. Queen akasimama mlangoni saa yake ileile, akangoja, halafu akauambia uwanja mtupu, "Malahaba, mwanangu." Jirani aliyekuwa anafagia akaitika, "Asante, bibi." Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo. Justa hakumwambia mumewe. Jirani alimwambia, tena akiigiza na sauti.

Asubuhi ya tatu Mayala hakuondoka. Alichuchumaa mahali pake pa siku zote, akafumba mdomo kama mtu anayegoma kung'olewa jino. Justa akapiga magoti nyuma ya mtoto.

"Shika," alinong'ona.

"Shika," alisema Queen.

"Moo."

"Moo."

"Baba."

"Baba."

Mayala akakohoa. "Malahaba, mwanangu," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, ambayo haikuwa nzito wala ya taratibu. Tangu Queen azaliwe, hiyo ndiyo mara ya kwanza baba yake kuamkiwa. Wakarudia kila asubuhi mpaka Jumapili.

Jumatatu Justa alisimama nje ya dirisha la darasa. Okeyo aliingia. Paskazia alikuwa amewaonya watoto: atakayefungua mdomo kabla ya Queen, atamla mbichi. Paskazia akamgusa Queen bega.

"Shika," alisema Queen. Kiti kikalia mahali fulani. "Moo baba."

Darasa likaangua kicheko. Okeyo alingoja kiishe.

"Marahaba," alisema. "Unaitwa nani?"

"Unaitwa nani."

Mzee akamgeukia Paskazia.

"Hilo halikuwemo, mkuu," alisema Paskazia. "Tulikubaliana salamu."

Okeyo alimtazama mtoto, akatazama dirisha alikokuwa amejificha Justa bila kufichika, kilemba chote kikionekana.

"Akae," alisema, akatoka.

Queen akakaa. Dawati la mbele, pembeni ya Paskazia, ambaye tangu siku hiyo alimkatia kila kitu silabi, hata ruhusa ya kwenda chooni.

Jumapili iliyofuata Justa alikuwa anakunja mitumba sebuleni, na Queen chini anapanga vizibo. Mayala aliuliza, kama mtu anayeuliza bei bila nia ya kununua, iwapo siku isiyo ya shule anaweza kumwamkia mama yake kidogo.

"Hapana," alisema Justa.

"Na likizo je?"

Justa alikunja fulana moja, akachukua nyingine.

"Na likizo je?" alisema Queen, kwa sauti ya baba yake.