Kocha Alimtabiria Binti Yangu Marathon, Nami Nikamfichia Siri

Naomba jina langu lisitokee, kwa sababu watu wengi wa kanisa letu wanaifuata page hii. Mimi ni mama wa miaka arobaini na nne, Mkenya kutoka Bonde la Ufa, na tunaishi Manassas, hapa Marekani, na mume wangu pamoja na binti yetu mmoja. Kazi yangu ni kuangalia wazee majumbani mwao. Binti yangu nimwite Mercy, ingawa si jina lake. Mwezi ujao atafikisha miaka kumi na minane.

Mercy anakimbia, na hakuna aliyemlazimisha. Mwaka jana wakati wa joto mume wangu alisikia kuhusu kocha mmoja kule Annandale anayewapima vijana na kukadiria watakuja kukimbia marathon kwa muda gani wakikomaa. Tukampeleka. Alivalishwa kinyago cha kupima pumzi, akakimbia juu ya mashine, na kila baada ya dakika chache wakamtoboa sikio kuchukua tone la damu. Kocha aliingiza namba kwenye kompyuta, akatugeukia, akasema akifika miaka ishirini na sita anaweza kukimbia marathon kwa saa mbili na dakika ishirini na tano. Mume wangu alimwomba arudie. Aliporudia, mume wangu alitoa kitambaa akajifuta macho.

Na mimi machozi hayakuwa mbali. Nilipokuwa primary nilikimbia hadi mashindano ya wilaya, halafu nikaachishwa kwa sababu nilihitajika nyumbani. Siku ile nilimwangalia Mercy akishuka kwenye mashine nikajiona mimi.

Kabla hatujaondoka tulimwandikisha Mercy afanye mazoezi kwake, na kocha akasema, kama jambo dogo tu, kwamba akipungua mwili kidogo muda wake utakuwa mzuri zaidi. Mercy alilishika neno hilo. Aliacha chapati, akaacha ugali, mwishowe hata chai ya maziwa hakuitaka. Nikimwekea chakula ananijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake, "I already ate, Mom." Baba yake aliona hiyo ni nidhamu. Alikuwa akipigia ndugu zake simu nyumbani kuwaambia wajiandae kumwona kwenye televisheni.

Krismasi ilipokaribia nilikuwa napanga nguo chumbani kwake nikakuta pakiti za pedi nilizomnunulia shule zilipofunguliwa. Hakuna hata moja iliyofunguliwa. Nilipomuuliza alifunga mlango kwanza. Alisema hajaona siku zake tangu Agosti, na kwamba wasichana kadhaa kwenye timu ya shule wako hivyo hivyo, ni dalili mwili umekuwa tayari kwa mbio. Kisha akanishika mkono na kuniomba kwa Kiswahili, jambo ambalo hufanya mara chache sana: "Mama, usimwambie Baba. Atanitoa kwa kocha."

Nikaahidi. Hapa ndipo kosa langu lilipo. Kazini, mzee akikataa kula siku mbili, natakiwa kuripoti, na huwa naripoti. Mtoto wangu mwenyewe nimemnyamazia miezi sita sasa. Nilijiambia ni kwa sababu ya ahadi, lakini ukweli ni kwamba nami nilikuwa naitaka ile marathon.

Aprili, kwenye mashindano ya shule, alitoka uwanjani katikati ya mbio akakaa kwenye nyasi akishika mguu. Mfupa wa muundi ulikuwa umepata ufa. Hospitali daktari alisema msichana asiyekula vya kutosha hukosa siku zake na mifupa yake hudhoofika, akamuuliza mara ya mwisho aliona siku zake lini. Mercy akajibu, "Last month." Baba yake alikuwa amesimama pale pale. Daktari akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa nikaanza kutafuta kadi ya bima kwenye mkoba, kadi ambayo nilikuwa nimeshaitoa.

Wiki hiyo nilienda Annandale peke yangu. Nikamuuliza kocha kama ile hesabu yake ilihesabu mfupa kupasuka. Hakukasirika. Alisema, "Mama, hesabu inachukulia kwamba atabaki mzima. Mtoto wa miaka kumi na saba, hakuna anayejua mwili wake utakuwaje baada ya miaka tisa. Ndiyo maana nilisema anaweza." Ni kweli alisema anaweza. Sisi tulisikia atakimbia.

Nilipomweleza mume wangu maneno hayo, bila kuitaja siri ya Mercy, alinijibu kwa upole, "Mama Mercy, hata mabingwa huumia. Atapona, atarudi." Chuo kimoja cha mbali kimeshamwandikia kinamtaka kwenye timu yake, na ile barua baba yake anatembea nayo kwenye simu.

Juzi nilitoka kazini mapema mchana nikamkuta anakimbia kwenye njia ya nyuma ya nyumba zetu, kiatu cha matibabu alichopewa hospitali amekivua amekiacha kwenye ngazi. Alikuwa anachechemea na bado anakimbia. Nilimwambia sasa nitasema kila kitu. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema nikisema, akishatimiza kumi na minane hataniruhusu tena kuingia naye kwa daktari, na sitajua lolote kumhusu. Nimefanya kazi na wagonjwa miaka mingi hapa. Najua ana haki hiyo, na kwa jinsi alivyokuwa ananiangalia, najua ataitumia.

Alhamisi tunarudi kwa daktari, sote watatu. Ataulizwa swali lile lile, naye atadanganya, na mume wangu atakuwa amekaa kati yetu. Mlio na mabinti, na nyinyi mabinti mliowahi kuficha kitu kama hiki, nawaomba mniongoze. Nifungue mdomo nimpoteze binti yangu, au ninyamaze aendelee kuniita Mama huku anaisha mbele ya macho yangu?