Mstari wa Jumapili na Gari la Wagonjwa

Shangazi yangu Mbula ndiye msimamizi wa simu ya upepo pale zahanati ya kanisa, Kabati. Mimi niko kidato cha pili na bado sielewi sauti inatokaje kijiji cha Nuu bila waya. Yeye alinieleza mara mbili, ya tatu akaniambia niende nikachote maji.

Kanisa letu lilileta simu hizo mwaka huu wa 1988: moja kwetu, moja Nuu, moja Ikutha. Kazi yake ni moja, kuitisha gari la wagonjwa, Landrova moja tu inayokaa kwetu. Shangazi alipanga kila kitu. Antena zikafungwa juu ya matangi ya maji, Nuu wakapewa zamu ya kuita saa mbili asubuhi, Ikutha saa tatu, na mgonjwa mahututi saa yoyote.

Watu wakazigeuza baraza. "Niulizie Kivuva wa dukani kama sukari imefika." "Msalimie mjomba." Betri inaisha, shangazi anauma midomo.

Mchungaji Nzioka akapendekeza neno la siri. Asiyelijua asipewe gari.

"Tumieni mstari wa Biblia wa kukariri wa wiki," akasema. "Manesi hawatausahau."

Shangazi akakubali. Hakukumbuka kwamba kila Jumapili mstari huo hukaririwa na kanisa zima, kuanzia watoto.

Jumanne sauti ya mwanamume ikaita kutoka Ikutha. Akausema mstari wote, hata nukta hakuruka. Mgonjwa mahututi, gari lije haraka. Shangazi akamtuma dereva Muli.

Saa saba, nesi Kalunde akaita kutoka Nuu. "Mbula, nina mama hapa, Muthoki. Uchungu umemshika tangu jana na mtoto amelala vibaya. Nataka gari sasa."

"Gari liko Ikutha."

"Basi ni wagonjwa wangapi huko?"

Shangazi akaita Ikutha. Akajibu Muli mwenyewe, akisikika amechoka. "Ni kwaya, Mbula. Watu kumi na wanane na ngoma. Wanataka kupelekwa mkutano wa Mutomo. Nesi alikuwa nje akichanja watoto, mmoja wao, Ndolo, akaingia akaita."

Shangazi akaita Nuu, akamwambia Kalunde asingoje Landrova itoke mbali, atafute gari lolote. Muthoki alifika hospitali ya Mwingi amelazwa juu ya magunia, ndani ya lori la mbuzi. Habari tulizipata jioni: yuko hai, na mtoto ni msichana.

Kesho yake mchungaji akaja kutoa pole. "Lakini mstari aliusema sawasawa," akasema.

"Hiyo ndiyo taabu, mchungaji. Kanisa lako linakariri vizuri sana."

Siku hiyo shangazi alipanga upya. Sasa anayeita anaulizwa namba ya kadi ya mgonjwa wa mwisho aliyeandikishwa kwake jana. Daftari la kadi hukaa na nesi, naye humsomea shangazi namba mpya kila asubuhi katika zamu yake.

Ijumaa Muli alikuwa amewasha Landrova aende Mwingi kumchukua Muthoki na mtoto, awarudishe Nuu. Simu ikalia kutoka Ikutha.

"Mwaitu, mama yetu Mbula, ni Ndolo wa kwaya. Tuna mgonjwa."

"Kadi ya mwisho ni namba gani?"

Ndolo akaanza mstari wa wiki, polepole, kwa sauti nzuri ya besi. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho.

"Amina," akasema, akamwashiria Muli aende.