Sindano ya Kila Wiki

Asubuhi, kwenye njia ya mpaka wa Goma, wanawake wanapita na mabeseni yao na hakuna anayewatania. Mahali pa Donatille pamebaki wazi, kipande kifupi cha ukuta ambacho bado hakijapata mtu.

Aliuza sambaza pale miaka ishirini, wale samaki wadogo wa ziwani, akiwatania wapitao. Mwili ulinenepa, magoti yakaisha. Madaktari wa mifupa waliotoka Kigali walimwambia watampasua wakirudi baada ya miezi sita, mradi awe chini ya kilo mia. Alikuwa na mia na ishirini na moja.

Daktari Rutagengwa, aliyekulia Tanzania, alimpa achague dawa ya kupunguza uzito. "Sindano ya kila siku, ukishaifungua, inakaa hata kabatini. Ya kila wiki inapunguza zaidi, lakini zile zinazosubiri lazima zikae kwenye baridi. Una friji, mama?"

"Docteur, mi niko nauzisha samaki. Baridi njo kazi yangu."

Wakacheka wote wawili. Akaandikiwa ya kila wiki.

Alizifunga sindano kwenye plastiki, akazizika katika sanduku la barafu, chini kabisa, anapoweka sambaza wa kesho. Kila Jumapili baada ya misa alitoa moja, akaiyeyusha kwapani, akajidunga tumboni.

"Donatille, iyo sindano iko inakunenepesha ao?" aliuliza Nyirabagenzi, muuzaji mwenzake.

"Iko inanenepesha wivu yako."

Lakini mizani haikusogea. Akapunguza ugali, kisha akauacha. Aliuchukia mwili wake kimya kimya, kama mtu anayeishi na mwizi. Mwezi wa tano wa kujidunga alimpelekea daktari sindano iliyobaki, bado ina ukungu wa barafu.

Rutagengwa aliigeuzageuza mkononi. "Iliganda?"

"Iliganda muzuri, docteur. Zote."

Daktari alikaa chini. "Dawa hii ikiganda imeharibika, mama. Ilinipasa nikuambie."

Madaktari wa Kigali walirudi, wakampima: mia na kumi na tisa. Wakamwita anayefuata. Rutagengwa alitaka waanze upya na ile ya kila siku.

"Acha tu," alisema Donatille. "Mi nimechoka kungoja uyu mwili."

Sasa anaishi Nyamyumba kwa binti yake Liliane, katika chumba kilicho karibu na mlango, na Liliane ndiye anayemwinua kitandani.