Roho Haili Kidari

Kaka yangu alishuka mlimani na buti za Mzungu, koti la Mzungu na roho mpya. Buti na koti hatukuvishangaa. Alikuwa mwongoza watalii, na miaka ile wanunuzi binafsi wa kahawa walipoanza kupandisha magari yao hadi kwetu Kibosho, vijana wote wa mlimani walivaa walichoachiwa na wageni. Hiyo roho ndiyo iliyotutoa jasho.

Mgeni mmoja, mama wa Kimarekani ambaye kaka alimfikisha kileleni akimshika mkono, alimwachia kitabu cha dini yake, Sayantolojia. Kaka akakisoma kwa kamusi katika chumba alichopanga Njoro, kule Moshi mjini, akakimaliza, akakirudia. Kisha Jumapili moja akapanda nyumbani, akatukuta jikoni tunamenya ndizi, akatutangazia kwamba mtu si mwili wake. Wala si akili yake, wala si jina lake. Mtu ni roho isiyokufa, iliyokwisha kuishi maisha mengi kabla ya haya, ila imesahau.

"Imesahau hata kufuta miguu," nikamwambia, maana alikuwa ameingia na matope mpaka mafigani.

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniudhi. Kaka niliyemjua mimi angenirushia ganda la ndizi. Huyu alitabasamu tu, akavuta kigoda, akaniambia nifumbe macho nikumbuke siku niliyoumia. Nikamsimulia uji wa moto ulionimwagikia mguuni nikiwa mdogo. Akasema, "Rudia." Nikarudia. "Rudia tena." Jamani! Nikamuuliza kama yeye ni kiziwi. Lakini nikarudia, na safari hiyo nikaanza kucheka, halafu sijui ilikuwaje, nikajikuta nalia. Nilikuwa nimekumbuka kwamba ni yeye aliyenibeba mgongoni hadi zahanati ya masista, naye akilia njia nzima kunishinda mimi niliyeungua. Mwenyewe alikuwa hakumbuki kabisa. Nikamwambia, basi kitabu chako si kibaya, na mpaka leo nasema hivyo hivyo.

Alikuwa na kiu ya kweli, kaka yangu, na nilimpenda kwa hiyo kiu. Alimuuliza kila mtu. Mhindu mwenye duka la vyuma mjini alimcheka kwa upole, akamwambia habari ya roho kuhama mwili hadi mwili kwao ni ya tangu na tangu, ila mwisho wa safari, ile "mimi" yote inayeyuka kama sukari kwenye chai. Padre akamwambia roho unayo, sawa, lakini na mwili ni wako, utafufuka nao, na kazi yako hapa duniani ni kuipunguza hiyo "mimi" kila siku. Kaka akasema kitabu chake hakitaki "mimi" iyeyuke wala ipungue, kinataka iamke ishike usukani. Mimi nilimsikiliza akisimulia hayo, nikisonga ugali wa mbwa, nikawaza kwamba wote hao wanamzungumzia mtu kana kwamba yuko peke yake chumbani. Nyumbani kwetu nani alishawahi kuwa peke yake?

Maana kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, na halitolewi tupu. Kaka alipewa jina hilo, na tangu yuko kwenye nepi bibi alimwita "mume wangu". Alimwekea ndizi laini, alimnunia, alimlalamikia mambo ya kabla ya vita. Baba naye alimwita "baba", na hakumaanisha kama wazazi wengine wanavyowabembeleza watoto wao wa kiume. Baba yake mwenyewe alifariki yeye akiwa mdogo sana, na alichobaki nacho ni kumbukumbu moja tu: sikukuu, mzee ameshika kidari chake, anakata kipande kidogo kwa kisu na kumwekea mwanawe kiganjani kabla mtu yeyote hajala. Kila Krismasi baba alitusimulia hayo, kiganja wazi, akikitazama kama bado kina nyama. Kwa hiyo mbuzi akichinjwa, kidari kilikuwa cha babu, yaani cha kaka, tangu alipoota meno.

Sasa huyu ndiye aliyesema mbele ya baba kwamba jina si yeye.

"Si wewe?" baba akauliza.

"Ni kitu nilichopewa, baba. Mimi ni mimi."

"Mkataa kwao ni mtumwa," baba akasema, akatoka kwenda kwa ng'ombe wake. Tangu siku ile akaacha kumwita "baba". Akawa anamwita kwa jina la ubatizo, lote, kama mwalimu anayeita majina ya mahudhurio. Kaka naye, akili zile zile za baba yake, hakurudi nyuma hata kidogo. Yule mama wa Kimarekani alikuwa amemwalika kwao akasome, na safari ilikuwa Januari. Mama akawa anatembea na rozari mkononi mpaka kwenye kukamua. "Akiondoka hivi, harudi," aliniambia. "Nawajua hawa wawili. Mmoja atakufa ndipo mwingine aombe radhi."

Ikafika Krismasi. Watoto wa nyumba wakapanda kutoka Moshi mjini, Arusha na Dar, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikaiva, mbuzi akachinjwa. Baba akakaa kwenye kigoda chake na kisu, akagawa. Bibi akapata maini na nyama laini. Mama akapata chake, mimi changu, shemeji zangu wakapata mguu wakaanza kuupigania kama kawaida. Kidari kikabaki peke yake juu ya jani la mgomba. Kaka akanyoosha mkono.

"Acha," baba akasema. "Hiki ni cha mwenye jina. Roho haili kidari."

Mwe! Hata shemeji zangu wakauachia mguu. Kaka akaurudisha mkono taratibu, akasema, "Sawa," akavuta sahani ya ndizi, akaanza kula ndizi tupu siku ya Krismasi nyumbani kwao. Nilitamani kuchukua ukuni niwacharaze wote wawili.

Bibi alikuwa karibu na moto, masikio yake mazito, anatazama midomo yetu. Habari za kitabu tulikuwa tumemficha, tukiogopa zitamuua. Akauliza kwa nini mume wake hali nyama. Basi mimi, kwa hasira, nikamsogelea sikioni nikapiga kelele, "Anasema yeye ni roho! Anasema ameshaishi zamani!"

"Sasa?"

"Ameyasoma kwenye kitabu cha Wamarekani!"

"Wamarekani ndio wanajua leo?" Akamgeukia kaka. "Uliishi wapi huko zamani?"

"Sikumbuki, Bibi."

"Mimi nakumbuka. Hapa hapa. Ulilala upande ule wa ukuta na ulikuwa unakoroma. Na yule ng'ombe wangu mwekundu niliyepewa na baba yangu, ulimtoa ukampa nani bila kuniuliza?"

Kicheko kikatutoka, hata mama aliyekuwa anafuta machozi. Kaka akainama kwa aibu. "Nisamehe, Bibi," akasema.

"Nitafikiria." Kisha akamgeukia baba, na safari hii hapakuwa na mzaha. "Na wewe. Baba yako ameacha kula nyama tangu lini?"

"Mama, amesema mwenyewe kwamba si—"

"Baba yako alisema mengi ya ovyo akiwa hai. Nilimnyima chakula? Wewe umemnyima baba yako nyama, tena mbele yangu." Akaisukuma sahani yake ya maini hadi ikagonga jiwe la mafiga. "Sili."

Baba akasimama na kisu chake. Sijawahi kumwona mtu mzima akiwa mdogo kiasi kile. Akatoka nje. Tulidhani amekimbilia kwa ng'ombe kama alivyozoea, na mama akajishika kichwa. Lakini akarudi, na mkononi ana jani la isale alilolivunja kule mgombani, kwenye kaburi la babu. Kwetu jani hilo halikataliwi. Anayekuletea anaomba radhi, na wewe ukiliona umeshasamehe, upende usipende. Akaliweka juu ya kidari pamoja na kisu, akakibeba kwa mikono miwili mpaka kwa kaka.

"Baba," akasema.

Nilimtazama kaka. Kitabu chote kilikuwa kichwani mwake, na angeweza kuanza kutufafanulia. Badala yake alikichukua kisu, akakata kipande kidogo pembeni ya kidari, akasubiri. Na baba yangu, nywele zote nyeupe, akafungua kiganja vile vile alivyotuonyesha miaka yote. Akala yeye kwanza, sisi sote tukamngoja.

Januari kaka akaondoka, na kitabu chake akakitia begini. Hatukuwa na uhakika wa lolote. Desemba iliyofuata, mimi na mama tukiwa uani tunachuja mbege, tukasikia buti zinapanda njiani. Akaingia, mnene kidogo, begi bado begani, akamwamkia mama, kisha akapaza sauti kuelekea nyuma ya nyumba.

"Yule mwanangu yuko wapi?"

Na kutoka zizini, baba akaitika: "Niko huku, baba."