Kabati la Buluu

Mama alitaka kabati jipya la jikoni, na mimi nilikuwa upande wake. Zilikuwa enzi za ruksa, bidhaa za nje zilipoanza kuingia kwa wingi. Maduka ya mjini Mwanza yalijaa makabati meupe yenye milango ya vioo, na letu, nyumbani Kirumba, rangi yake ya buluu ilikuwa imebambuka, milango imelegea. Kaka yake mama, fundi seremala wa kisiwani, Nansio, ndiye aliyelitengeneza wazazi wangu walipooana. Baba hakutaka jipya wala hakutaka la zamani likwanguliwe.

"Lipakeni rangi juu yake, yaishe," alisema kila tulipomuuliza.

Mimi kitu nisichokielewa hakinipi raha. Kwa nini lisikwanguliwe? Na kwa nini kila mjomba alipokuja mjini, baba alikumbuka ana shughuli Kigongo? Siku moja, baba akiwa kazini, nilichukua msasa nikaanza na mlango mmoja. Ilikuwa rangi ya kupakia mitumbwi, haikubanduka kirahisi. Nilisugua mpaka mabega yakaniuma. Chini yake ukatokea ubao mwekundu wa kahawia, wenye mistari mizuri mno, nikawa naupapasa tu.

Baba alirudi kabla sijamaliza. Nilijiandaa kugombezwa, lakini alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ubao, akaunusa.

"Huu ni mninga," alisema kwa sauti ndogo.

"Kwani ulidhani ni nini?" mama akauliza.

"Mwembe, mbao za bei rahisi. Shemeji aliniahidi mninga, halafu kabati likashuka melini limepakwa rangi. Nani anapaka mninga rangi kama hafichi kitu? Sikutaka likwanguliwe uione aibu ya kaka yako."

Mama akatikisa kichwa. "Rangi nilimwomba mimi. Nilipenda buluu. Kaka alinung'unika sana, akasema naharibu mbao zake."

Nilitaka kucheka, ila uso wa baba ulinizuia. Miaka yote ile alimkwepa mjomba, na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote. Hilo lilinishangaza kuliko mninga wenyewe. Mimi nisingepata usingizi.

Kabati la dukani mama hakulitaja tena. Jumamosi baba alivaa shati lake la kanisani, akasema anapanda meli ya Nansio, anakwenda kumuuliza shemeji mninga uliokwanguliwa unapakwa mafuta gani.

Nikafungua mdomo nimwambie kwamba hata seremala wa jirani angemjibu. Mama akanifinya.