Jicho la Fanjava

Soavelo alisikia habari za kimbunga Fanjava kabla hakijapewa jina. Redio ilisema tu kwamba mbali huko baharini mawingu yameanza kuzunguka. Alikuwa anapepeta mchele. Akainua kichwa, akasema, "Haya," kama anayemjibu mtu. Tangu mumewe azikwe, na Jaotombo, mwanawe wa pekee, ahamie Toamasina kufanya kazi bandarini, redio ndiyo iliyokuwa ikizungumza katika nyumba ile, naye alishazoea kuijibu.

Mawingu yakawa dhoruba, dhoruba ikapewa jina, na simu ikalia. Ndivyo ilivyokuwa kila mwaka. Jaotombo angeweza kunyamaza miezi na miezi, lakini kimbunga kikishapata jina, hupiga.

"Mama, hama hapo. Nenda shuleni mlimani na wenzio."

"Wenzangu gani? Umekula?"

"Nakwambia habari za kimbunga, wewe unaniuliza chakula!"

"Si nauliza tu. Mkeo hajambo?"

"Hajambo. Mama, nisikilize!"

Akamsikiliza. Aliipenda sauti ile hata ikigomba. Fanjava kikazidi kunenepa huko baharini, na kila kilipozidi, simu ililia. Kisha siku moja redio ikatangaza kwamba kimegeukia kusini, kitapita mbali. Siku hiyo Jaotombo hakupiga. Soavelo alihisi moyo umesinyaa, akaona haya, akamwomba Mungu msamaha.

Lakini Fanjava kikageuka tena, kikaja moja kwa moja.

Kijiji kizima kikapanda shuleni. Soavelo hakwenda. Mwaka uliotangulia alikwenda, na kila mtu akakaa na wa kwao, mikeka imebanana, watoto wamelaliana. Yeye na mkeka wake wakapata kona nzima, wala hakuna aliyemwomba asogee. Safari hii alifunga paa kwa kamba, akaweka mifuko ya mchanga juu, akapika wali mwingi, akajifungia.

Upepo ulifika asubuhi kutoka kusini. Ulipiga hadi nguzo zikalia. Mikarafuu ikang'oka, migomba ikalala, na mvua ikaingia kwa ubavu. Soavelo alijikunja chini ya kitanda, akimtaja mumewe na wazee wake waliolala makaburini.

Ghafla pakawa kimya. Jua likatoka. Alijua ni jicho, utulivu wa katikati ya kimbunga, na kwamba Fanjava kilikuwa kinavuta pumzi tu. Akafungua mlango, akachungulia.

Ng'ambo ya ua alimwona Marovavy, jirani yake, akichechemea matopeni. Hawakuwa wamesemeshana miaka mingi, tangu ng'ombe wa Marovavy aingie kwenye vanila ya Soavelo. Naye pia hakupanda shuleni. Mguu wake mbovu haukuuweza mlima, na hakutokea wa kumbeba. Nyumba yake sasa ilikuwa kuta tupu.

"Wee Marovavy! Unaokota nini?"

"Sufuria zangu. Zinakuhusu?"

"Upepo unarudi!"

"Najua! Ndiyo maana naharakisha."

"Utaingia wapi? Huna paa!"

"Nitaingia ndani ya sufuria."

Soavelo alivuka, akamshika mkono. Marovavy akauchomoa, kisha akatazama mbinguni, akaurudisha mwenyewe.

Walikuwa ndio kwanza wameingia kwa Soavelo, upepo ukarudi kutoka kaskazini, mkali kuliko wa kwanza. Ulibeba nusu ya paa. Vikongwe wawili wakabanana chini ya kitanda, maji yakipanda vifundoni.

"Miguu yako baridi kama chura," alisema Marovavy.

"Isogeze yako."

"Niisogeze wapi?"

Wakacheka, na walipocheka wakashikana. Wakala wali kutoka chungu kimoja. Habari ya ng'ombe hakuna aliyeigusa.

Fanjava kikapanda milima, kikachanika huko, kikabaki mvua ya kawaida inayonyeshea mabonde ya watu wengine. Maji yalipopungua, watoto wa Marovavy wakafika, wakambeba kumpeleka kwao, mjini Antalaha.

"Njoo unitembelee," alisema.

"Nitakuja."

Wote wawili walijua umbali wa njia ile.

Mnara wa simu ulikuwa umeanguka, kwa hiyo Jaotombo alikuja mwenyewe, kipande kikubwa cha njia kwa miguu, matope hadi mapajani. Alipomwona mama yake akiwa hai, alikaa chini akalia kama mtoto. Akakunjua mabati yaliyokunjamana, akaezeka paa. Usiku alikoroma, na Soavelo akalala macho, akisikiliza. Kisha likizo yake ikaisha.

"Ukihitaji kitu, sema, Mama."

"Nenda, baba. Utachelewa lori."

Akamsindikiza hadi kivukoni, akasimama mpaka mtumbwi ulipogusa ng'ambo. Aliporudi alichukua ufagio, akaipita nyumba yake mwenyewe, akaenda kwenye kiwanja cha Marovavy. Akaokota majani, akachomoa vijiti, akaufagia ua ule wote hadi udongo ukaonekana. Hakuna aliyemtuma.